Kanisa tuliweke wapi katika ngazi ya ukabaila wa Ulaya?

Mdadisi wa Kale anauliza:

Ndugu wanajamvi, karibu kila kitabu cha shule kinachoeleza ukabaila wa Ulaya ya Zama za Kati kina mchoro uleule wa piramidi: mfalme kileleni, chini yake mabwana wakubwa wenye ardhi, chini yao askari wapanda farasi, na chini kabisa watwana waliolima. Kinachonitatiza ni Kanisa. Mchoro mmoja unamweka Papa juu ya mfalme, mwingine unawapanga maaskofu sambamba na mabwana wakubwa, na wa tatu unaliacha Kanisa pembeni kabisa, kana kwamba mapadre na watawa hawakuhusika na mambo ya ardhi na kodi. Nikisoma zaidi nakutana na maaskofu waliomiliki vijiji vizima, na papo hapo nakutana na padre wa parokia aliyelima kishamba chake mwenyewe kama jirani zake. Je, Kanisa lilikuwa daraja mojawapo katika ngazi ile, au lilikuwa nje yake likiibariki? Na lipo swali la pili linaloandamana na hilo: mtwana aliliona Kanisa kama mlinzi wake, au kama bwana mwingine wa kulipwa?

Msoma Hati anajibu:

Ndugu Mdadisi, tatizo lako linaanzia kwenye mchoro wenyewe. Piramidi ile imechorwa na waandishi wa baadaye sana kwa ajili ya kufundishia. Watu wa karne ya 11 hawakujiona hivyo. Wao, au tuseme wale wachache miongoni mwao waliojua kuandika, walizungumzia makundi matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi. Maelezo mashuhuri zaidi ya mpango huo yamo katika shairi ambalo Adalbero, askofu wa Laon kaskazini mwa Ufaransa, alimtungia Mfalme Robert mnamo miaka ya 1020. Tuzingatie nani aliyeandika: ni askofu, tena mzaliwa wa ukoo mkubwa, kwa hiyo haishangazi kwamba wanaosali ndio waliotangulia kutajwa. Hata hivyo shairi hilo si la kujisifu tu, kwa maana Adalbero anakiri waziwazi kwamba bwana anayedai kumlisha mtwana wake ndiye hasa anayelishwa na mtwana huyo, na kwamba machozi ya watu hao hayana mwisho. Alilijua hilo, akaliandika, na bado akautetea mpango wote ulivyo.

Sasa tuje kwenye ardhi, maana huko ndiko ukabaila unakoonekana bila pazia. Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William, aliyekuwa ameiteka Uingereza miaka 20 kabla, sehemu kubwa ya nchi hiyo ilihesabiwa: vijiji, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, vinu, malisho na watu. Ukijumlisha mali za maaskofu na za monasteri katika kumbukumbu hizo, ambazo baadaye zilipewa jina la Domesday, zinafikia karibu robo ya thamani ya ardhi yote iliyoorodheshwa. Umiliki huo ulikuwa na masharti. Askofu mkuu wa Canterbury alidaiwa na mfalme askari wapanda farasi 60, na abate wa Peterborough, mkuu wa watawa ambao kwa kanuni zao hawakuruhusiwa kumwaga damu, alidaiwa idadi hiyohiyo. Ili kuwapata, abate aliwagawia wapiganaji sehemu ya ardhi ya monasteri, nao wakamwapia utii kama ambavyo wangemwapia bwana mwingine yeyote. Abate huyo alikuwa mtu wa mfalme. Kwa askari wake alikuwa bwana wao wa kiapo. Na kwa watwana alikuwa mwenye kinu, mwenye mahakama na mwenye zamu za kazi. Mchoraji wa piramidi atamweka kwenye mstari gani?

Kuna jambo la tatu ambalo michoro haiwezi kulionyesha, nalo ni kiapo. Galbert, karani wa Bruges, ametuachia maelezo ya jinsi watu wa Flanders walivyomwapia mtawala wao mpya William Clito (si yule mfalme wa Uingereza) mnamo Aprili 1127. Mtawala alimuuliza kila mmoja kama anakubali kuwa mtu wake kikamilifu, naye akajibu kwamba anakubali. Akaunganisha viganja vyake, mtawala akavifumbata kwa mikono yake mwenyewe, wakabusiana. Baada ya hapo mtu yule aliahidi uaminifu, na mwishowe akaiapa ahadi hiyo juu ya masalia ya watakatifu. Masalia hayo yalitunzwa na Kanisa, na aliyevunja kiapo cha namna hiyo alihesabiwa kuwa amemkosea Mungu pamoja na bwana wake. Hata mtawala wa Aquitaine alipotaka kujua uaminifu huo unadai nini hasa, alimwandikia Fulbert, askofu wa Chartres, naye mwaka 1020 akamjibu kwa barua inayotaja mambo sita ya kukumbukwa na kila aliyeapa, kuanzia kutoudhuru mwili wa bwana na kutosaliti siri wala ngome zake, hadi kutomfanyia kuwa gumu lile lililo jepesi. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba Kanisa lilikuwa ndani ya ngazi katika kila daraja lake, na zaidi ya hapo ndilo lililoshika misumari iliyoziunganisha mbao za ngazi yenyewe.

Kalamu Kavu anajibu:

Maelezo ya Msoma Hati ni mazuri, lakini yamelipita kando swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Mtwana hakuishi katika mashairi ya maaskofu. Tangu amri ya Charlemagne ya mwaka 779, kutoa zaka kulikuwa wajibu wa kisheria, na zaka yenyewe ilikuwa sehemu ya kumi ya mavuno yote, si ya ziada inayobaki baada ya kutenga mbegu na chakula. Mtwana alipokufa, katika sehemu nyingi za Uingereza bwana alichukua mnyama bora kuliko wote katika zizi la marehemu, na padre wa parokia akachukua wa pili kwa ubora, kwa hoja kwamba huenda marehemu alisahau kulipa baadhi ya zaka zake alipokuwa hai. Hebu mfikirieni mjane anayetazama ng'ombe wawili wakitolewa zizini kabla matanga hayajaisha, kisha Jumapili anahimizwa kuridhika na nafasi ambayo Mungu amempa. Kwa maoni yangu Kanisa lilikuwa chombo cha mabwana, na mengine yote ni mapambo.

Bi Tafakuri anajibu:

Ndugu Kalamu, ng'ombe wale wawili ni wa kweli na sitajaribu kuwatetea waliowachukua. Ninachopinga ni neno "chombo". Chombo hufuata mkono wa mwenye kukishika, ilhali Kanisa la kuanzia nusu ya pili ya karne ya 11 lilikuwa mara nyingi likishindana na haohao unaosema walilishika.

Chukua ugomvi wa Papa Gregory wa Saba na Henry wa Nne, mfalme wa Ujerumani. Kiini chake kilikuwa ni nani mwenye haki ya kumkabidhi askofu mpya pete na fimbo ya kichungaji. Leo jambo hilo linaweza kuonekana la sherehe tu, lakini maaskofu wa Ujerumani walishika miji, ngome na askari, na mfalme aliwategemea kuliko alivyowategemea mabwana wa kawaida, kwa sababu askofu hakuwa na mtoto halali wa kumrithisha cheo. Akifa, cheo kinarudi mezani. Aliyemteua askofu alikuwa amejichagulia gavana. Februari 1076 Gregory alimtenga Henry na Kanisa, na akaongeza jambo lililouma kuliko kutengwa kwenyewe: aliwafungua raia wote wa Henry kutoka katika kiapo walichomwapia. Hapa ndipo maelezo ya Msoma Hati kuhusu masalia yanapopata uzito wake kamili, kwa sababu mwenye mamlaka ya kukitakasa kiapo alidai pia mamlaka ya kukivunja. Mabwana wa Ujerumani, ambao wengi walikuwa wakitafuta kisingizio, wakampa mfalme muda maalumu ajipatanishe na Papa la sivyo wamchague mwingine. Januari 1077 Henry alivuka milima ya Alpi na kusimama siku tatu nje ya ngome ya Canossa, bila viatu, akiomba msamaha.

Nisieleweke kwamba Papa alishinda moja kwa moja. Henry alirudi na jeshi, akauteka mji wa Roma mwaka 1084, na Gregory alifariki mwaka uliofuata akiwa uhamishoni Salerno. Suluhu ilipatikana Worms mwaka 1122, wakati wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, na kwangu mimi suluhu hiyo ndiyo jibu fupi kuliko yote kwa swali la Ndugu Mdadisi: pete na fimbo, alama za kazi ya roho, zitatoka kwa Kanisa, ilhali ardhi na mamlaka ya kidunia askofu atayapokea kutoka kwa mfalme kwa kuguswa na fimbo ya kifalme. Waliokuwa wakiishi ndani ya mfumo ule walikiri kwa maandishi kwamba askofu ni watu wawili katika kanzu moja.

Na kuhusu Papa kuwekwa kileleni, ipo nchi ambayo mchoro huo uliwahi kuwa sahihi kisheria. Mfalme John wa Uingereza alimkataa askofu mkuu aliyechaguliwa kwa matakwa ya Papa Innocent wa Tatu, na kuanzia mwaka 1208 nchi nzima ikawekwa chini ya marufuku ya ibada: misa kwa watu ilikoma, kengele zikanyamaza, na maiti wakazikwa nje ya ardhi iliyobarikiwa. Mei 1213, akihofia uvamizi kutoka Ufaransa, John aliikabidhi nchi yake kwa Papa na kuipokea tena kama mtu aliyekabidhiwa ardhi na bwana wake, kwa ahadi ya kulipa maki 1,000 kila mwaka, 700 kwa ajili ya Uingereza na 300 kwa ajili ya Ireland. Ndiyo maana mabwana walipomlazimisha kuukubali mkataba wa Magna Carta mwezi Juni 1215, Innocent aliufuta mwezi Agosti mwaka huohuo, akishikilia kwamba haki za bwana mkuu wa nchi hiyo, yaani yeye mwenyewe, zilikuwa zimepuuzwa.

Kwa mtwana nitataja moja tu. Maaskofu waliokutana Charroux, huko Ufaransa, mwaka 989 walitangaza laana dhidi ya makundi matatu: wanaovunja makanisa, wanaowapora wakulima na maskini mifugo yao, na wanaowapiga mapadre wasio na silaha. Ni kweli kwamba mengi kati ya hayo yalilinda mali ya Kanisa lenyewe, kwa kuwa wakulima wengi walioporwa walikuwa wakilima ardhi za monasteri. Hata hivyo punda wa maskini alikuwa ametajwa, katika miaka ambayo hakuna mfalme aliyekuwa na nguvu ya kumtetea.

Mtunza Ghala anajibu:

Ningependa kuwaunga mkono nyote wawili kwa kiasi, kisha niwatofautishe na jambo ambalo halijaguswa: Kanisa lilikuwa bwana asiyekufa.

Bwana wa kawaida akifa, mrithi wake alilipa ada kwa mfalme ndipo akabidhiwe ardhi. Mrithi akiwa mtoto, mfalme aliishika ardhi hiyo na kula mapato yake hadi mtoto akue. Asipokuwepo mrithi kabisa, ardhi ilirudi kwa aliyeitoa. Familia zilizimika, zikasaliti na kunyang'anywa, zikagawana na mabinti. Monasteri haikufanya lolote kati ya hayo. Abate akifa anachaguliwa mwingine, na shamba linabaki palepale. (Mfalme aliweza kuchuma mapato katika kipindi ambacho kiti kilikuwa wazi, na William wa Pili wa Uingereza aliviacha viti wazi makusudi kwa ajili hiyo, lakini hilo ni tone tu.) Matokeo yake yalikuwa kwamba ardhi iliingia katika Kanisa kizazi baada ya kizazi, kwa wosia wa watu walioogopa moto wa milele, na haikutoka. Mwaka 1279 Mfalme Edward wa Kwanza alitunga sheria ya kuzuia ardhi kupewa taasisi za Kanisa bila idhini, nayo ikajulikana kwa jina la mkono wa maiti, kwa kuwa mkono huo ukishashika hauachii.

Bwana asiyekufa pia hasahau, hasa akiwa ndiye anayejua kusoma na kuandika. Kijiji cha bwana wa kawaida kingeweza kutumaini kwamba mjukuu wake hatakumbuka ni siku ngapi za kazi zilizokubaliwa zamani. Kijiji cha watawa hakikuwa na tumaini hilo, kwa kuwa kila deni lilikuwa limeandikwa. Ndiyo maana sikubaliani na wazo kwamba kuwa mtwana wa Kanisa kulikuwa nafuu.

Ushahidi ninaoupenda ni wa St Albans, kaskazini mwa London. Monasteri ya hapo iliwalazimisha watu wa mji kusaga nafaka zao katika vinu vyake na kulipa kwa kusaga, ilhali wao walipendelea mawe ya kusagia kwa mkono yaliyokuwa majumbani mwao. Abate Richard wa Wallingford aliposhinda ugomvi huo katika miaka ya 1330, aliyakusanya mawe hayo na kuyatumia kutandaza sakafu ya chumba cha mazungumzo cha monasteri, ili kila mwenyeji wa mji atakayeingia humo kwa shida yoyote ayakanyage. Karibu miaka 50 baadaye, katika uasi mkubwa wa wakulima wa Juni 1381, watu wa St Albans wakiongozwa na William Grindecobbe waliingia, wakaing'oa sakafu ile, wakayavunja mawe na kugawana vipande, kila mtu akienda nacho nyumbani. Mtawa Thomas Walsingham, aliyeandika habari hizo kwa chuki ya wazi dhidi ya waasi, anasema waligawana kama mkate uliobarikiwa unavyogawanywa parokiani siku ya Jumapili. Sidhani alitambua alichokuwa anakisema: watu wale walikuwa wakimkabili bwana wao kwa ibada waliyofundishwa na bwana huyohuyo.

Wiki hiyohiyo askofu mkuu wa Canterbury, Simon Sudbury, ambaye pia alikuwa kansela wa mfalme, alikatwa kichwa na waasi London, na aliyekuwa akiwahubiria waasi alikuwa padre, John Ball, aliyeuliza kwamba Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, mwungwana alikuwa nani wakati huo.

Mdadisi wa Kale anauliza tena:

Nawashukuru sana. Kwa maelezo haya nimeelewa kwamba ngazi ilijirudia ndani ya Kanisa lenyewe. Je, ndani ya Kanisa mtu aliweza kupanda? Nimesoma mahali kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee ya mtoto wa maskini kufika juu.

Msoma Hati anajibu:

Njia ilikuwepo, ila ilikuwa nyembamba na ililindwa. Mtwana hakuweza kupewa daraja takatifu kabla ya kuachiwa huru, na katika kanuni za Clarendon za mwaka 1164 Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza alisisitiza kwamba watoto wa wakulima wasiokuwa huru wasipewe upadre bila idhini ya bwana ambaye katika ardhi yake walizaliwa. Sababu si ngumu kuiona: kila kijana aliyenyolewa kuwa kleri alikuwa mikono miwili iliyopotea shambani. Waliofaulu kupita mara nyingi waliishia kuwa mapadre wa parokia, wakilima kile kishamba ulichokitaja. Uaskofu ulikuwa mali ya watoto wa mabwana, hasa wale wasiotarajia kurithi ngome.

Utawa wa wanawake ulikuwa mkali zaidi katika hili. Hildegard wa Bingen, mmoja wa wanawake mashuhuri kuliko wote wa karne ya 12, aliwapokea katika nyumba yake mabinti wa koo bora tu. Mkuu mwingine wa watawa, Tengswich wa Andernach, alimwandikia kumkumbusha, kwa heshima yenye ncha, kwamba Kristo aliwachagua wavuvi na maskini. Hildegard alijibu kwa kuuliza ni nani anayekusanya mifugo yake yote, ng'ombe, punda, kondoo na mbuzi, katika zizi moja. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na bado inanikera, hasa kwa kuwa imeandikwa na mtu mwenye akili kubwa namna ile.

Hata hivyo majina ya waliopanda yapo, na ni mazito. Gerbert wa Aurillac, ambaye hakutoka katika ukoo wowote wa maana, alikuwa Papa Sylvester wa Pili mwaka 999. Suger, mtoto wa familia ndogo aliyekabidhiwa kwa monasteri ya Saint-Denis akiwa mdogo, aliiongoza monasteri hiyo kuanzia mwaka 1122 na kuitawala Ufaransa kwa niaba ya mfalme aliyekwenda vitani Mashariki mwaka 1147. Robert Grosseteste, mtoto wa watu wa chini, aliteuliwa kuwa askofu wa Lincoln mwaka 1235.

Lakini kupanda hakukumfanya mtu awahurumie aliowaacha chini, na kwa hilo sihitaji kwenda mbali na mfano wa Mtunza Ghala. Abate Richard, aliyetandaza sakafu kwa mawe ya kusagia ya wenyeji, alikuwa mtoto wa mhunzi. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka kama 10, mkuu wa watawa wa Wallingford akamlea na kumpeleka kusoma Oxford, ambako alikuwa mmoja wa wanahisabati hodari wa zama zake. Alipokuwa abate wa St Albans, alikuta majengo yaliyochakaa, madeni, na wenyeji wanaokataa kutumia vinu vya monasteri, akaanza na vinu.